Bibi Aliyekalia Pindo la Kanzu

Mtu mmoja alikuwa na nyumba kubwa yenye watu wengi, na mtumishi mmoja mwenye sauti. Mtu huyo aliitwa Mihayo, mfuga nyuki wa upande wa Sikonge, na mtumishi wake aliitwa Kashindye. Katika chumba cha ndani kulikuwa na kitabu kinene alichokiandika marehemu baba yake Mihayo, kimejaa maagizo ya kila kazi ya nyumba: kupika, kujenga, kuuguza. Sura moja ilikuwa ya vita. Kashindye peke yake aliruhusiwa kuisoma, na alichokisoma kwa sauti watu wa nyumba walikifanya bila kuuliza.

Kashindye hakuwa mtu mbaya. Alikuwa wa moto tu. Mbuzi akipiga chafya, yeye ameshasimama. Marehemu alimjua vizuri, kwa hiyo aliacha amri kwamba bibi mmoja mnene, Nyamizi, akae barazani siku zote juu ya pindo la kanzu ya Kashindye. Adui wa kweli akifika, mlinzi wa lango alikuja kumgusa bibi begani, bibi akainuka, na Kashindye akakimbilia chumbani.

Mara moja walikuja wezi wa ng'ombe, mchana kweupe. Nyamizi akainuka. Kashindye akasoma: fungeni lango, chemsheni maji, tupeni pilipili motoni, wafungulieni nyuki! Wezi walikimbia hata wakasahau viatu. Mstari wa mwisho wa sura ile, ambao marehemu aliuandika kwa herufi kubwa, ulisema: sasa mwiteni Nyamizi aje akae. Akaitwa, akaja, akakaa, nyumba ikatulia.

Ndipo Mihayo akaanza kumtazama yule bibi kwa jicho la bahili. Anakula asubuhi, anakula mchana, na kazi yake ni kukaa! Kukaa hata jiwe linaweza. Akamtuma shamba la mbali akamenye karanga. Nyamizi hakubisha, alijikung'uta akaenda zake. Sijui kwa nini sisi wenye nyumba tunapenda kuwapunguza watu wasiopiga kelele, lakini ndivyo tulivyo, na jambo hili linaniudhi.

Tangu siku ile Kashindye hakukamatika. Muuza chumvi alibisha hodi, akamwagiwa maji ya moto. Kuku alikohoa, lango likafungwa siku tatu, watu wakaenda kisimani kwa kuruka ukuta. Na kila alipofika mstari wa mwisho aliusoma kwa uaminifu kabisa, akamwita Nyamizi aje akae. Nyamizi alikuwa maili nne kutoka pale, katikati ya karanga. Kwa kuwa hakuna aliyekuja, Kashindye alirudia sura tangu mwanzo.

Mihayo alikuwa na binti, Kabula, na kuna kijana aliyempenda naye akampenda. Washenga wa kijana walifika na adabu zao zote, wamevaa makoti. Walifunguliwa nyuki. Wao walikuwa na mbio, wakaponea kichakani. Walioumwa zaidi ni wenyeji. Mihayo mwenyewe alivimba uso mpaka macho yakafumba, na Kabula akakaa jikoni analia kwa uchungu, kwa sababu alijua watu wale hawatarudi upesi. Na hapakuwa na mwizi hata mmoja.

Mihayo akawaka. Akamziba Kashindye mdomo kwa kitambaa, akamfunga kwenye nguzo. Nyumba ikawa kimya, akasema afadhali. Siku ya tatu siafu waliingia jikoni. Watu wakasimama wakitazamana, kila mmoja akingoja kuambiwa la kufanya. Siafu wakawamaliza vifaranga, kisha wakapanda kitandani kwa Mihayo, naye kajilaza baada ya chakula.

Alikwenda mwenyewe shamba la karanga, akijikuna njia nzima. Akamsihi bibi arudi amfundishe Kashindye kunyamaza milele. Nyamizi aliutazama ule uso uliovimba, akaweka ungo chini.

"Baba, mimi sikuwekwa pale nimzibe mdomo. Mfungue kwanza, ndipo nije nimkalie."

Kashindye akafunguliwa, bibi akakaa. Washenga walipothubutu kuja tena, wamejifunika mablanketi hadi machoni, Kashindye alivuta kanzu mpaka ikapasuka kwapani, lakini pindo halikutoka. Posa ikapokelewa, na Kabula akacheka.

Wanaochunguza mwili watakuambia kwamba nyumba ile haiko Sikonge tu. Ndani ya seli zako kuna kitabu cha vinasaba, na kuna protini zenye kazi ya Kashindye: huingia kwenye kiini cha seli na kuamsha sura inayotakiwa. Mojawapo huamsha sura ya vita, na protini nyingine huishika nje ya kiini mpaka adui afike. Isiposhikwa, mwili huvimba na kujiunguza wenyewe miaka nenda miaka rudi. Ikizibwa kabisa, kijidudu kisichoonekana kinakuzika. Basi ninyi wenye nyumba, wenye ofisi na wenye makanisa, yule mliyemwondoa kwa sababu ameketi tu, mlimwuliza kwanza amekalia nini?