Aliyefichwa Stoo ya Magodoro

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, msije mkadhani wanyama walikuwa bado wanasema, palikuwa na shule ya bweni ya wasichana huko milimani Lushoto. Kidato cha tatu walikuwa wakisoma riwaya ya kale inayomcheka msichana mmoja: kasoma hadithi za kutisha mpaka kila mlango uliofungwa anaona umeficha maiti. Walimcheka mpaka mbavu zikauma. Mwajabu ndiye aliyecheka kuliko wote, na insha yake juu ya madhara ya kusadiki hadithi ikaongoza darasa.

Wiki ileile Mwajabu akamwona Matroni Nakijwa akipeleka sahani iliyofunikwa kwenye stoo ya magodoro, kisha akitoka na kufunga kwa kufuli. Kesho yake tena. Insha yote ikamtoka kichwani.

"Kuna mtu kafungiwa mle," akawaambia wenzake. "Twendeni tukamuulize Matroni."

Eliwaza, kiranja wa bweni, akamkatalia. "Umeshakuwa yule msichana wa kitabuni. Ukauliza upuuzi huo utatuaibisha bweni zima. Mle mna magodoro na kunguni, basi."

Wa tatu wao alikuwa Zubeda. Hakuamini hata chembe, ila hadithi tamu haimpiti. Zamu yake ya kusimulia wakati wa kuosha vyombo ilipofika, akamtia stooni mume wa Matroni, yule waliyeambiwa ni marehemu, akamfunga na minyororo. Wasichana wakasisimka, masufuria yakabaki na ukoko. Hadithi ikatoka jikoni ikafika ofisini kwa Mkuu wa Shule.

Mkuu akaja na funguo za akiba, akafungua mbele ya Matroni na wasichana wote watatu. Mume hakuwemo. Alikuwemo bibi kizee akimenya viazi, mama mzazi wa Matroni, asiye na mwingine wa kumtunza. Na sheria ya shule hairuhusu mtumishi kukaa na ndugu.

Matroni akalia. "Mngeniuliza ningewaambia, wanangu, na mngenifichia siri." Hata mimi ninayesimulia neno hilo linaniuma.

Mkuu hakuwa mkatili. Akasema, "Mwenye kosa kuliko wenzake akose likizo, abaki amhudumie bibi. Akipatikana, bibi atakaa mpaka Matroni apate chumba mjini. Asipopatikana, bibi anaondoka kesho."

Mwajabu akasema, "Mimi nilizua hofu, lakini mtu kweli alikuwemo. Na nilitaka tuulize."

Eliwaza akasema, "Mimi nilikataza uzushi. Si ndivyo kitabu kinavyofundisha?"

Zubeda akasema, "Mimi nilisimulia hadithi, na kila mtu alijua ni hadithi. Aliyeipeleka ofisini si mimi."

Wakamgeukia bibi. Bibi akaweka kisu chini. "Mimi mniachie yeyote, mradi anajua kusoma. Nataka kumsikia huyo msichana wa kitabuni. Naona mmemcheka bure."

Basi Mkuu yuko mlangoni anangoja, na virago vya bibi vimeshafungwa. Nanyi mnaowacheka wasichana wa watu, nimewaona mlivyokodoa macho nilipotaja minyororo. Semeni haraka, bibi asije akaondoka: je, nani anastahili kubaki?