Mguu wa Baba Ambokile

Hapo zamani, wala si zamani ile ya fisi na sungura kuazimana chumvi, bali zamani ya majuzi tu, betri zikiwa zimekwisha kupanda milima ya Rungwe, aliishi mjane mmoja aitwaye Tusekile. Tusekile alikuwa na shamba zuri la migomba, goti bovu, na betri ya chenso.

Shamba aliachiwa na marehemu mumewe. Goti alilipata kwa kuteremsha mikungu ya ndizi barabarani mwaka baada ya mwaka. Betri alipewa na kikundi.

Kikundi chenyewe kilikuwa cha wanawake, na kilikuwa na desturi yake. Sanduku lao la akiba lilikuwa na makufuli matatu, kila ufunguo unalala kwa mwanamke wake, na sanduku halifunguki mpaka wote watatu wakubali. Basi walipoletewa chenso ya betri, msumeno ule wa mnyororo, waliitazama, wakatazamana, wakaona na hii nayo ni sanduku tu, ila lina meno. Wakaigawa vilevile. Chenso ikalala kwa Subilaga. Mavazi yake, yaani kofia ngumu yenye wavu wa uso, glavu, na suruali nzito iliyojazwa nyuzi ndani, yakalala kwa Atuganile. Betri ikalala kwa Tusekile, imefungwa ndani ya khanga, juu ya kabati, mbali na moto na mbali na maji. Kanuni ikawa moja: asiyefundishwa haishiki, na mmoja wetu akisema hapana, ni hapana.

Kanuni nzuri sana. Mngeipigia makofi. Wao pia waliipigia makofi.

Sasa mvua za mwaka ule zilikuja na upepo wa hasira. Mkaratusi mkubwa ukang'oka, ukalala juu ya njia pekee ya kuteremkia barabarani, matawi yake yameshikana na ukingo huku na huku. Mtu mwepesi aliweza kupenya chini yake kwa kutambaa. Mtu mwenye mkungu kichwani, hapana. Na ndizi za Tusekile zilikuwa zimekomaa. Lori la mnunuzi hupita siku ya soko, na mnunuzi anataka ndizi mbichi, za kupika. Zikianza kupata manjano anazigeuzia mgongo kana kwamba hawajuani. Ndizi zile ndizo zilizokuwa chakula, sabuni na paa la Tusekile kwa mwaka mzima.

Aliyefundishwa kukata, akafuzu, ni Subilaga. Lakini Subilaga alikuwa na mume, Baba Ambokile, na Baba Ambokile alikuwa na mdomo.

"Mke wangu apande juu ya mti na mimi nipo?" aliuliza nje ya kanisa, watu wote wakisikia. "Mimi nimefanya kazi ya misitu. Nimeangusha miti ambayo hiki kidude chenu hakijawahi kuiota. Hakina hata moshi! Hiki ni cha kukatia keki."

Kazi ya misitu alifanya kweli. Alikuwa anashika kamba, mwenzake anakata. Lakini hilo halikutangazwa nje ya kanisa.

Asubuhi ya siku ya soko akamwendea mkewe.

"Mama Ambokile, lete chenso."

Subilaga alikuwa ameketi na tupa, anamalizia kunoa. Mnyororo ameukaza. Breki ya mbele ameifungua, ameisugua kwa mswaki wa zamani, maana vumbi la mbao lilikuwa limeijaa hata haisogei vizuri. Sasa akawa anatia mafuta.

"Ya betri unaitilia mafuta ya nini?" mumewe akacheka.

"Betri inalisha mota. Mnyororo ni chuma, baba, hauli umeme. Na hii breki ukiisukuma mbele, mnyororo unasimama. Na ncha ya hili bapa linalozungukwa na mnyororo isiguse kitu, itakurukia."

"Unanifundisha mimi?"

Subilaga alimtazama. Alikuwa amechoka, si siku ile tu. Akajiambia: Mpe. Tusekile hawezi kumpa betri. Tusekile hata mimi hunihoji kama askari. Bila betri atakuwa amebeba chuma tu, atarudi mwenyewe. Akampa.

Baba Ambokile akaenda kwa Atuganile, ambaye ni dada yake wa tumbo moja.

"Nipe kofia."

"Kofia haitembei bila suruali, kaka."

Suruali ilikuwa ya rangi ya chungwa, nzito kama godoro. Baba Ambokile aliitazama kama mtu aliyeletewa sketi.

"Hiyo sivai. Watu watasema nimetoroka sarakasi."

"Wanasema mengi mabaya zaidi, hii itawapumzisha. Vaa." Atuganile akakaa juu ya lile furushi la mavazi, akakunja mikono. Ni mwanamke mwenye uzito wa kutosha, akikaa, amekaa. Kaka akavaa. Dada moyoni akawaza: Wifi ametoa chenso? Basi ana lake. Na hata hivyo Tusekile hatatoa betri. Akamfungia kofia kidevuni kama mtoto wa shule, akamwachia aende.

Ndipo Baba Ambokile akatokea uani kwa Tusekile, chenso mkononi, miguu ya chungwa.

Tusekile alicheka mpaka akashika ukuta.

"Cheka, shemeji, cheka, halafu nipe betri. Ndizi zako zinaningojea mimi."

Na hapo, wasikilizaji, kicheko kikamwisha. Alitazama mikungu iliyolala kwenye ukumbi wake, kijani bado, lakini kijani kile kinachoanza kufikiria mambo mengine. Alijua kabisa mtu huyu hajafundishwa. Alijua kuhusu kamba. Lakini akawaza: Mkewe ametoa chenso, dada yake ametoa suruali. Watu wawili wanaomjua kuliko mimi wamekubali. Mimi ni nani nikatae? Hivyo ndivyo alivyowaza kwa sauti ya moyo. Chini ya sauti hiyo ndizi nazo zilikuwa zinasema.

Akapanda kigoda, akashusha khanga, akatoa betri.

"Kila ukitaka kugusa mnyororo, hata kwa ukucha, betri itoke kwanza. Haingurumi hii. Ya petroli inakuambia iko hai. Hii hunyamaza kama paka."

"Nimesikia, nimesikia," alisema, tayari amegeuka.

Watu walijaa ukingoni, maana kijiji hakina sinema. Baba Ambokile akasimama kando ya mkaratusi, akasukuma betri, ikaingia *tak*, akakata tawi la kwanza. Likaanguka. Watu wakashangilia. Akakata la pili. Sasa akaanza kukata huku anawatazama watu.

Jambo la kwanza. Ncha ya bapa ikagusa tawi lililojificha nyuma. Chenso ikaruka, ikamjia usoni kama jogoo. Mkono wake wa mbele ukaisukuma breki bila yeye kujua, breki ikashika, mnyororo ukakaa kimya upana wa vidole viwili tu kutoka kwenye ule wavu wa uso. Subilaga, aliyekuwa amesimama ukingoni, alifumba macho.

Mwenye akili angeishia hapo. Baba Ambokile akatazama watu, akakohoa, akavuta breki nyuma, akasema, "Nilikuwa naijaribu."

Jambo la pili. Alikata tawi nene, kwa nguvu, miguu ameibana pamoja kama anapigwa picha. Tawi likaisha ghafla kuliko alivyotarajia, chenso ikapita, ikashuka moja kwa moja kwenye paja. Suruali ikapasuka. Nyuzi zikatoka kama nywele za mahindi, zikauvamia mnyororo, zikaukaba, ukasimama. Baba Ambokile akaketi matopeni. Akatazama paja lake. Nguo imechanika, ngozi ilikuwa nzima, imepata mkwaruzo tu wa kuonyesha wajukuu.

Jambo la tatu ndilo baya, kwa sababu lilikuja kimya. Chenso ilikuwa mapajani mwake, haitoi sauti. Isiyotoa sauti, kwake, imezimika. Akaanza kuzing'oa nyuzi kwa vidole. Mkono mmoja unang'oa, mwingine umeshika mpini, na kiganja kimekaa juu ya kiwashio.

"Betri!" Tusekile akapiga kelele. "Toa betri!"

Hakusikia. Kofia, woga, aibu, vyote vilikuwa vimemziba masikio. Kushuka ukingo ule kwa goti lile ilikuwa haiwezekani, basi Tusekile hakushuka. Alikaa chini akateleza kwa makalio, tope mpaka mgongoni, akaja kwa nyuma yake, akabana na kuvuta. Betri ikatoka. Baba Ambokile akang'oa uzi wa mwisho, mnyororo ukawa huru juu ya paja lake lililo wazi, na kwa kutaka kuinuka akaukamata mpini kwa nguvu zake zote, viwashio vyote viwili, cha kidole na cha kiganja.

*Tik*, ikasema chenso. Basi.

Aliisikia ile *tik*. Akageuka, akaona betri mikononi mwa Tusekile. Hapo ndipo akaanza kutetemeka, na mtu anayetetemeka huahidi makubwa.

"Jamani," akasema, watu wote wakisikia, "aliyeuokoa mguu huu, mguu ni wake mpaka mvua zikatike! Nao hauendi peke yake, mimi mzima nitaufuata. Umbebee, umlimie, uende atakakoutuma!"

Subilaga akashuka, akachukua kofia kichwani kwa mumewe, akachukua glavu, akataka kujifunga gunia mapajani badala ya ile suruali iliyochanika, lakini Atuganile akamkatalia katakata. Wakamtuma mtu kijiji cha jirani kuazima suruali nyingine. Wakangoja. Ilipofika, Subilaga akasukuma betri, akapanua miguu, akaumaliza mti, na hakumtazama mtu yeyote. Njia ikafunguka. Lakini lori lilikuwa limekwisha kupita.

Hata hivyo lilikuwa na safari moja iliyobaki, asubuhi iliyofuata. Na asubuhi hiyo wote walikutana kwenye kipande cha gogo, pale njia inapogawanyika, ili mguu upate mwenyewe.

Subilaga akasema: "Mguu ni wangu. Breki niliisafisha mimi, kwa mswaki. Isingeshika, leo tusingeuliza mguu wake uko wapi, tungeuliza kichwa."

"Mguu si umeolewa nao tayari, wifi?" akadakia Atuganile. "Unataka kuzawadiwa chako?"

"Chang—? Tangu niolewe nao hujauona shambani kwangu hata siku moja! Unajua kwenda kilabuni tu. Nauomba kwa mara ya kwanza."

Atuganile akasema: "Mguu ni wangu. Breki aliivuta nyuma mwenyewe. Kilichosimama kati ya meno na nyama ni suruali, na suruali aliivaa kwa sababu mimi nilikaa. Na mimi ndiye nitakayeandikiwa deni la nguo mpya kwa kikundi."

Tusekile akasema: "Mguu ni wangu. Breki imekwisha kufunguliwa, suruali imekwisha kuchanika, mlikuwa na nini tena? Mlikuwa na macho. Mimi nilikuja. Nalo goti langu nimelimalizia kwenye ukingo ule, tazameni." Akalionyesha. Lilikuwa limevimba kama boga. "Ndizi zangu ziko ukumbini. Sina mguu wangu. Nipeni wake."

Hapo wangeweza kumpa, na nyuso zilikwisha kulainika. Lakini Subilaga akauliza polepole:

"Dada Tusekile. Betri alipewa na nani?"

"Chenso je, alipewa na nani?" Tusekile akajibu.

"Mimi nilimpa kwa kuwa nilijua wewe utakataa."

"Na mimi nilimvika," akasema Atuganile, "kwa kuwa nilijua utakataa."

"Na mimi nilitoa," akasema Tusekile, "kwa kuwa ninyi mlikuwa mmekubali." Kisha, kwa kuwa hakuwa mwanamke wa kujipaka mafuta, akaongeza: "Na kwa ajili ya ndizi."

Makufuli matatu, wasikilizaji, na kila mmoja alifungua lake akiamini la mwenzake limefungwa.

Baba Ambokile hakusema neno, na hilo peke yake lilitosha kuwa muujiza wa mwaka. Alisimama njia panda ndani ya ile suruali ya chungwa, ambayo tangu jana hakutaka kuivua, paja moja likipeperusha nyuzi. Njia moja inaelekea shamba la mkewe, lenye magugu ya miaka. Njia moja inaelekea kwa dada yake. Njia moja inaelekea ukumbi wa Tusekile, ambako mkungu wa kwanza asubuhi ile ulikuwa umepata doa la manjano. Aliinua mguu, akangoja kuambiwa auweke wapi. Chini barabarani, lori likapiga honi.

Haya, ninyi mnaotikisa vichwa kana kwamba kwenu betri isingetoka kabatini. Jibuni upesi, mtu amesimama kwa mguu mmoja. Je, ule ulio hewani ni wa nani?