Mrithi wa Tatu

Nina ndugu watatu na shamba moja. Nipokeeni mzigo huu, kisha mniamulie.

Walikuwa watoto wa baba mmoja huko milima ya Upare. Namkunda hakuchoka: akishika jambo, alilifikisha mwisho. Ombeni alikuwa na miguu: hakuna aliyejificha asimfikie. Nietiwe, wa mama mwingine, hakusahau alichokiona.

Baba yao alipofariki, Nietiwe alikuwa na miaka kumi na miwili. Alimwona baba mdogo wao, Mrutu, akiushika mkono wa maiti, akilipaka wino dole gumba na kulikandamiza kwenye karatasi. Akasema alichokiona. Mrutu akamwita mwongo, tena mwana wa haramu. Namkunda, dada mkubwa, akamwamini Mrutu, naye akamwita Nietiwe hivyo hivyo, akamtupia mkeka wake nje.

Miaka sita baadaye Mrutu akaitoa ile karatasi: marehemu amempa shamba la tangawizi pamoja na nyumba. Akaliuza, na karatasi akamkabidhi mnunuzi. Hapo Namkunda akajua nani alikuwa mwongo. Yeye na Ombeni wakamshitaki.

Shauri lilikula miaka mitano. Mumewe Namkunda alimwambia achague, shamba au ndoa. Hakuacha kwenda barazani. Mume akaoa mwingine, na watoto wa Namkunda wakafundishwa kumwita mama yule mgeni.

Ndipo mwenyekiti wa baraza la ardhi akafungua jalada na kusema, "Marehemu aliacha watoto watatu, naona wawili. Na aliyenunua hayumo. Siwezi kuamua juu ya ardhi ya watu ambao sijawasikia. Waunganisheni kwenye shauri ndani ya siku tisini, au nalifuta."

Ombeni akaondoka kumtafuta mnunuzi, ambaye kila hati ya wito ikifika, alikuwa amehama. Alimfuata wiki sita, akampata tambarare, kwenye kambi ya wachoma mkaa, akamkabidhi hati mkononi mbele ya mashahidi. Vijana wa kambi wakamvunja mguu kwa mpini wa shoka. Ukaunga vibaya. Hapandi mlima tena.

Namkunda akamfuata Nietiwe Korogwe, akamkuta akiponda kokoto, binti yake wa miaka minne amelala kivulini, ana homa.

"Siku ile uliniita mwana wa haramu," Nietiwe akasema. "Leo umekuja kuniitaje?"

"Mdogo wangu. Baraza linakutaka."

"Baraza linanitaka. Wewe je?"

Namkunda akamnyooshea hati ya wito. Hata hivyo Nietiwe alikubali. Siku ya shauri ilipofika, homa ya mtoto ilikuwa imerudi. Akamwacha kwa jirani, akapanda basi.

Alipoitwa ndani, alimwachia dada yake simu. Haikupita dakika, ikalia. "Mtoto amezidiwa," jirani akasema. "Anamwita mama yake."

Namkunda aliutazama mlango. Akiufungua, Nietiwe ataondoka, na siku tisini zilikuwa zinaisha kesho yake. Akaizima simu.

Ndani, mnunuzi alitoa karatasi ile. Nietiwe akaeleza jinsi dole la baba lilivyotiwa wino, upande gani wa kitanda, nani alisimama wapi. Mrutu akaulizwa, akababaika, akakiri. Mauzo yakabatilishwa, shamba likarudi kwa warithi watatu.

Nietiwe alipofika Korogwe, jirani alimweleza kuhusu ile simu, akamwonyesha kaburi.

Sasa shamba lenyewe ni jembamba, na nyumba ni moja. Likikatwa mara tatu halitamlisha yeyote. Wakakutana kuamua.

"Bila mguu wangu, karatasi isingefika barazani," Ombeni akasema. "Na mguu huu hautanilisha kwingine."

"Bila mimi lisingekuwepo shauri," Namkunda akasema. "Sina mume, sina watoto, sina pa kwenda."

"Bila macho yangu mngeshindwa," Nietiwe akasema. "Nalitaka lote. Na wewe, dada, sitaki nikuone humo."

Namkunda aliinamisha kichwa, lakini hakujitoa.

Haya, nyinyi mliosikia: shamba mngempa nani? Na aliyeizima simu, mngemwambia nini?