Nyani Alivyofungiwa Darubini

Masikio mnayo?
— Tunayo!
Yafungueni, nimimine.
— Mimina, usimwage!

Hapo kale mwindaji mmoja alivamiwa na nyuki, akatupa bunduki na mkoba, akakimbia. Nyani akaviokota. Bunduki ilikuwa na kijino cha chuma mbele na kipengo nyuma, vya kulengea kwa jicho tupu. Nyani akajaribu, paaa! Tawi chini. Tangu siku hiyo kisima cha wanyama wote kikawa chake, mkuyu ukawa wake, na aliyesogea alitimuliwa kwa risasi.

Mkobani mlikuwa na darubini na vikalio vya kuifungia juu ya bunduki, vifupi jozi moja na virefu jozi moja. Nyani akamwita Pimbi, mnyama mdogo wa mwambani, fundi wa vyuma.

"Wee Pimbi! Nifungie. Nataka nimwone kila mwizi wa maji yangu, hata akiwa ng'ambo ya bonde. Nitajaribia kule mwambani kwenu."

Moyo wa Pimbi, du, du, du. Mwambani kulikuwa na mkewe na watoto wanne.

"Bwana, ukichagua vifupi, darubini italala juu ya mtutu na kukiziba kijino. Ukichagua virefu, itainuka, na chini yake utakiona kijino kama zamani."

"Virefu! Cha mbali changu, cha karibu changu!"

Pimbi akakaza skrubu ya kwanza, kri, kri. Akiharibu, ataliwa. Akakaza ya pili, kri, kri. Akitengeneza, wanawe wamekwisha. Akatazama ng'ambo. Mkewe alikuwa anaota jua na watoto, hana habari.

"Mbona unatetemeka?"

"Baridi, bwana."

Jua lilikuwa utosini.

Kabla ya skrubu ya mwisho, Pimbi akaisukuma darubini nyuma kidogo, nyuma tena, hadi karibu na kitako cha bunduki. Kri.

"Tayari, bwana. Wengine huweka jicho mbali na kioo. Huona kidogo, wakaridhika."

"Mimi niridhike na kidogo?" Nyani akagandamiza jicho kwenye kioo. "Ahaa! Namwona mkeo!"

"Sogea zaidi, bwana," Pimbi akasema. "Utamhesabu sharubu."

Nyani akasogea. Paaa!

Bunduki ikarudi nyuma kama teke la punda. Darubini ikamtwanga juu ya jicho, ko! Nyani akapiga yowe, bunduki ikamponyoka, ngurungundu, ngurungundu, ikatumbukia korongoni.

Pimbi hakungoja. Alishuka bonde, akapanda mwamba, pumzi juu juu. Mke yupo. Mtoto wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne?

"Mama Watoto, wa nne yuko wapi?"

Mkewe akainua tumbo lake. Mtoto alikuwa chini yake, macho yamemtoka, anapumua. Shubiri moja juu yao, jiwe lilikuwa limemegwa na risasi.

Pimbi akaketi.

Jioni ile Nyani aliinama kisimani akiosha jicho lililovimba, na kulia kwake na kushoto kwake wanyama wote walikunywa mpaka wakashiba.

Fundisho, wanangu: fundi mwema humweleza mteja kila kitu, bila kuficha hata kimoja, hasa mteja mwenye bunduki.

Nimemimina, mtungi mtupu.
— Tumekunywa, koo baridi!