Siku Bibi Pimbi Alipofunga Mlango

Hapo zamani za kale, na nikisema kale nina maana kale hasa, si juzi kama mnavyodhani ninyi, wanyama walikuwa na nyumba, na vyungu, na majirani wa kugombana nao. Kaeni vizuri. Anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana mimi nikianza sisimami.

Basi, juu ya kilima kimoja cha mawe alikaa Bibi Pimbi. Pimbi mnamjua? Yule mnyama mdogo wa miambani, hana mkia, ukimwona utadhani ni sungura aliyepunguzwa masikio. Mdogo hivyo hivyo, lakini boma lake, lo! Nyumba ya vyumba saba, maghala mawili, zizi, jiko la nje, na uwanja wa kufagia mpaka kiuno kikatae.

Mtauliza, pimbi mmoja na vyumba saba vya nini? Bibi Pimbi na marehemu mumewe walilea yatima watatu: Tembo, Nyati na Kifaru. Walikuja wadogo, wanalia. Wakala, wakakua. Wakala tena. Mzee Pimbi, Mungu amrehemu, akimaliza kukandika ukuta huu, mtoto mmoja anauegemea ule, puu! unaanguka. Ndivyo nyumba ilivyozidi kupanuliwa.

Sasa watoto walikuwa wamekua na kuhama, kila mmoja ana kwake. Mzee Pimbi alikuwa amefariki. Bibi Pimbi alibaki peke yake na magoti yanayolia krrr, krrr, kila anaposhuka mtoni.

Mtoni kule chini aliishi shoga yake, Bi Kwale. Karibu na mlango wa Bi Kwale kulikuwa na kijumba cha chumba kimoja, kizuri, maji hatua kumi. Bi Kwale alikuwa amemwekea.

"Shoga, njoo," alisema Bi Kwale. "Lakini uje kabla ya masika. Mvua ikianza, njia yako ile inakuwa utelezi mtupu, hutashuka tena mpaka kiangazi. Na mwaka huu sina uhakika kama utafika kiangazi."

"Nataka kuja, Bi Kwale. Nataka jana. Ila vitu vya watoto!"

Hapo ndipo penye kazi, sikilizeni. Kilima kile kilikuwa na mila yake. Mwenye boma akitaka kuhama hutoa kila kitu nje, hufagia, hufunga mlango kwa kamba ya mkonge, kisha huishukuru nyumba kwa sauti. Akimaliza kushukuru, mlango ule haufunguliwi tena mpaka aje mkaaji mpya. Na ole wake anayefunga mlango huku ndani mna kitu cha mtu! Ni sawa na kumwambia mwenye kitu, "Wewe kwangu umekufa." Bibi Pimbi angewezaje kuwafanyia hivyo wanawe?

Na vitu vyao vilijaa tele! Tembo aliacha ngoma yake ya ujanani, ngozi imetoboka, kubwa mara kumi ya Bibi Pimbi. Nyati aliacha mizinga sita ya nyuki, mitupu. Kifaru aliacha sanduku la bati lililofungwa kwa kufuli, na ufunguo alishaupoteza zamani. Sitaji vitanda visivyo na kamba, majembe yasiyo na mipini, na kinu kilichopasuka ambacho kila mmoja alisema si chake.

Miaka mitatu Bibi Pimbi aliwaomba.

"Nitakuja kuchukua, mama, subiri kidogo," alisema Tembo.

"Usivitupe, mama, navihitaji," alisema Nyati, ambaye hajagusa mzinga tangu aumwe puani.

Na Kifaru je? Kifaru alikasirika. "Kuhama? Uhame nyumbani? Sasa sisi tukija kukusalimu tutalala wapi?"

Alikuwa anakuja mara moja kwa mwaka, tena anakuja kula.

Mwaka ule mawingu yakaanza kujikusanya mapema. Bibi Pimbi akayatazama asubuhi moja, akatazama vyumba vyake saba, akaita, "Bi Kwale! Una mdomo?"

"Ala! Mdomo ndio nilio nao!"

"Basi nenda kwa wanangu. Waambie maneno nitakayokupa, na usiongeze."

"Shoga, hilo la kutokuongeza sikuahidi."

Bi Kwale akaenda, kwa-kwa-kwa-kwa, mpaka kwa Tembo.

"Baba Tembo, mama anakusalimu. Anasema usijisumbue kuja, vitu vyako havina shida. Ila ile ngoma, Nyati ameiomba."

Tembo akaacha kutafuna. "Nyati yupi?"

"Nduguyo. Anakuja kesho asubuhi. Anasema wewe hukuwahi kuipiga vizuri."

Jambo hilo la kutokuipiga vizuri Bi Kwale aliliongeza mwenyewe.

"Ebo! Mimi? Kijiji kizima kilikuwa hakilali!"

"Ndivyo hivyo alivyosema."

Bi Kwale akaenda kwa Nyati. "Mama anasema usihangaike. Ila Kifaru anaitaka mizinga yako. Anakuja kesho asubuhi."

"Kifaru? Anajua nini habari za nyuki? Ile ni mizinga yangu!"

Akamalizia kwa Kifaru. "Mama anasema tulia tu. Ila Tembo anaulizia sanduku lako. Anakuja kesho asubuhi."

"Anajua kilichomo?"

"Anasema anakijua."

"Toba! Hata mimi sikijui!" Kifaru akapiga mguu chini, vumbi likaruka. Moyoni akasema: kama Tembo analitaka, basi kilichomo ni kitu cha maana sana.

Kesho yake, jua halijapanda vizuri, ardhi ikaanza kutikisika. Di! Di! Di! Bibi Pimbi alikuwa kizingitini, mikono kifuani, uso mpole kabisa.

"Jamani! Wote watatu? Karibuni, karibuni, wanangu. Mmekumbuka nyumbani!"

"Shikamoo mama, ngoma yangu iko wapi?" alisema Tembo kwa pumzi moja.

"Shikamoo mama, nipishe," alisema Nyati.

Kifaru hakusalimu kabisa. Aliingia moja kwa moja.

Mlikuwa wapi mkose kuona! Tembo alitoka na ngoma kichwani. Nyati alitoka na mizinga, mitatu kila pembe. Kifaru alikumbatia sanduku kama mama na kitoto. Kisha Tembo akamwona Nyati anatazama majembe, akayabeba yote. Nyati alipoona vile akabeba vitanda. Kifaru akasema, "Aah, kumbe ndivyo!" akanyakua kinu kilichopasuka, kile kile ambacho miaka mitatu hakikuwa na mwenyewe.

"Changu hicho!"

"Chako lini? Nilikipasua mimi!"

Wakaingia, wakatoka. Vyumba saba vikabaki vyeupe. Katika vurugu ile Nyati akatoka hata na mafiga ya Bibi Pimbi na chungu chake cha uji.

"We! Hicho changu!" alipiga kelele Bibi Pimbi. "Hicho kiweke uwanjani, pale pembeni. Na mkeka wangu. Na kitanda kile kidogo. Ahsante, mwanangu. Hapo hapo."

Huku nyuma Bi Kwale alikuwa ndani na ufagio, fya, fya, fya, chumba hadi chumba, wala hakuna aliyemtazama.

Uwanjani ugomvi ukapamba moto.

"Nyati, una tamaa!" alinguruma Tembo. "Unaitakia nini ngoma yangu?"

"Ngoma? Ngoma iliyotoboka? Hata ukinipa bure siitaki! Mwulize Kifaru anataka nini na mizinga yangu!"

"Mimi?" alisema Kifaru. "Mimi naogopa nyuki! Tembo ndiye anayelitaka sanduku langu!"

"Sanduku gani? Nani kakwambia?"

"Bi Kwale."

"Hata mimi, Bi Kwale."

"Na mimi."

Tembo akamtazama Nyati, Nyati akamtazama Kifaru. Vichwa vikubwa vile, jamani, lakini taratibu hufika.

"Tumechezewa," alisema Tembo.

"Ni mama!" alisema Nyati. "Kumbe anataka kuhama kweli!"

"Hahami!" alipaza sauti Kifaru. "Turudishe vitu vyote ndani, sasa hivi! Vikiwa ndani hawezi kufunga mlango!"

Akalibeba sanduku lake, akageuka, akaanza kukimbia. Mbingu ikanguruma. Na Kifaru akianza kukimbia hata yeye mwenyewe hajui atakapoishia.

Lakini walipokuwa wakipiga kelele, Bi Kwale alishatoka na ufagio wake, na Bibi Pimbi alishavuta mlango. Kamba ya mkonge ilishazunguka mara tatu na fundo limekazwa. Kilichobaki ni shukrani tu. Akauegemea mlango kwa mgongo, akaanza haraka haraka, Kifaru huyoo, anakuja!

"Nakushukuru nyumba! Ulitukinga na mvua ya mawe, ulitukinga na jua! Nakushukuru kwa jiko lako, lilishika moto hata kwa kuni mbichi! Nakushukuru kwa ukuta huu, mume wangu aliukandika kwa mikono yake, alama za vidole vyake ziko hapa mpaka leo!"

Di! Di! Di! Kifaru alikuwa katikati ya uwanja.

"Nakushukuru," alisema Bibi Pimbi, na sasa sauti ikaanza kupungua kasi yenyewe, "kwa kuwapokea watoto watatu nisiowazaa. Walikuvunja, ukajengwa. Walikuvunja tena. Usiku mmoja mdogo wao aliumwa homa, akapiga mateke ukuta wa chumba cha kati mpaka asubuhi, nawe hukuanguka. Nilikuwa nimemshika kwato, nakuomba usimwangukie. Hukumwangukia. Ahsante."

Mdogo wao alikuwa Kifaru. Miguu yake ikakawia, ikasimama. Sanduku likamponyoka, kwaa! kufuli likaruka. Ndani mlikuwa na vumbi na soksi moja.

"Sikuachi kwa kukuchoka," alisema Bibi Pimbi. Machozi yalikuwa yanamtoka, naye hakuyafuta. "Nilikuwa na furaha hapa kuliko nilivyostahili. Nakuacha kwa sababu magoti yangu yameisha. Ahsante, nyumba. Nimemaliza."

Mlango ulikuwa umefungwa. Kwisha.

Tembo akasogea polepole. "Magoti, mama? Tangu lini?"

"Tangu masika yaliyopita. Niliteleza na mtungi pale kwenye njia. Nililala matopeni tangu asubuhi mpaka alasiri, nasikia mvua inaniingia masikioni. Bi Kwale ndiye aliyeniokota."

"Mbona hukutuambia?"

"Niliwaambia nataka kuhama," alisema Bibi Pimbi. "Mkaniuliza mtalala wapi mkija."

Jamani. Mmewahi kuona wanyama watatu wakubwa hawajui pa kuyaweka macho? Nyati aliangalia kwato zake. Kifaru akaanza kulia, na kifaru akilia si mchezo, pua yote ile.

"Tusamehe, mama," alisema Tembo. "Tumefanya ujinga."

"Mmefanya," alisema Bi Kwale, ambaye hakuna aliyemuuliza.

"Nimeshawasamehe zamani," alisema Bibi Pimbi. "Nisingekuwa nimewasamehe ningefunga mlango na ngoma ikiwa ndani. Haya, machozi baadaye, mvua hiyo inakuja! Nani atanibebea mafiga?"

Lo, wakagombania tena! Safari hii mafiga yalikuwa matatu, kila mmoja akapata lake. Nyati akabeba kitanda kidogo na mkeka. Kifaru akabeba chungu kwa uangalifu ambao hajawahi kuutumia maishani mwake. Tembo akapiga magoti, akamnyanyua mama yake kwa mkonga, akamweka shingoni.

"Polepole, mwanangu. Na usikimbie kwenye mawe."

"Mimi sikimbii, mama."

Bibi Pimbi hakugeuka nyuma. Alikuwa ameshasema alilotaka kusema.

Walipomfikisha kizingitini pa kijumba kule mtoni, tone la kwanza likaanguka, pwa! Kisha mbingu yote ikaachia. Bibi Pimbi akaingia ndani, akapanga mafiga, akawasha moto, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi akaona kwamba akinyoosha mkono kulia anafika kwenye mtungi wa maji aliowekewa na Bi Kwale, akinyoosha kushoto anafika kitandani. Akacheka peke yake kwa furaha.

Wale wakubwa hawakuweza kuingia hata pua. Wakasimama nje na mvua inawapiga, ngoma na mizinga na kinu kilichopasuka vikawasubiri kule kilimani mpaka kesho yake walipovibeba vyote kwenda navyo makwao. Bibi Pimbi akawapitishia uji dirishani, kibuyu kimoja kimoja.

"Mtamu, mama," alisema Nyati.

"Ni uji ule ule."

"Ndiyo. Lakini zamani sikuwahi kusema."

"Basi umesema," alisema Bibi Pimbi, akamfuta Nyati matone ya uji kidevuni kupitia dirishani, kama alivyomfuta alipokuwa mdogo asiye na pembe. "Ahsanteni kwa kunileta. Nimefika kabla ya mvua."

Mvua ile ilinyesha siku tisa bila kukatika, na Bibi Pimbi hakuteleza hata mara moja. Aliishi pale masika mengine mengi, na wanawe wakawa wanakuja kila mwezi, kila mmoja na mkeka wake wa kulalia nje.

Hadithi imeishia hapo, mimi nimechoka, na ninyi inukeni mkanawe miguu. Lakini mshike neno hili moja: mzazi wako akikuambia anataka nyumba ndogo, mshukuru kwa ile kubwa, kisha nenda kachukue vitu vyako.