Mshahara wa Teleza Tusonge

Paukwa.
Pakawa.
Palikuwa na nini?
Palikuwa na siri.

Basi sogeeni, na kila mmoja aape kwanza. Semeni: wallahi sitamwambia mtu. Mmeapa? Vizuri. Mimi niliapishwa na Kwale, Kwale aliapishwa na mkewe, na haya, nawaambia.

Juu mlimani, ziwa linakogeuka barafu, palikuwa na timu ya mpira wa magongo iitwayo Teleza Tusonge. Aliianzisha babu yake Pimbi, tena bila kukusudia. Alikuwa anavuka ziwa na mkongojo wake, akateleza, srrr, mkongojo ukapiga mavi makavu ya tembo, yakaenda, srrr, mpaka ng'ambo. Wa ng'ambo akadhani anachokozwa, akayarudisha. Ndiyo mchezo wenyewe. Siku hizi wanapiga kisahani cha mti, wamestaarabika.

Enzi za babu walicheza kwa kupenda. Baadaye ikawa timu ya kulipwa, kila mchezaji bonge la chumvi baada ya mechi. Hapo ndipo walipoanza kufungwa. Mbega wa upande wa pili wakaja, wakafunga. Wakaja tena, wakafunga tena. Na chumvi haionekani.

Kwani nani mwenyekiti? Nyati. Nani golikipa? Nyati. Nani mtunza chumvi? Nyati. Mechi ikishika moto, husema, "Naenda haja ndogo." Nyuma ya mwamba, ramba, ramba. Golini, pwaa. Mechi ikiisha, "Chumvi imeyeyuka, wanangu. Jua la huku kali."

"Mwenyekiti, una haja nyingi," akasema Fungo, mshambuliaji.

"Uzee huo, mwanangu. Utaufikia."

Siku moja Fungo akaweka gongo chini mbele ya Pimbi, aliyekuwa kapteni. "Kapteni, watoto wangu hawali barafu. Kesho nisipolipwa, nashuka bondeni." Na wenzake wote nyuma yake.

Pimbi ni mdogo, kwato ya Nyati inamfunika mzima. Lakini akisema ndiyo, ni ndiyo. "Timu ya babu haifi mikononi mwangu. Kesho mtalipwa, na tutashinda."

Asubuhi akamwendea Nyati. "Mwenyekiti, wachezaji wananung'unika. Chumvi tuitandaze golini kwako, kila mtu aione. Nani wa kuilinda kama wewe?"

Nyati akameza mate. "Umenena, mjukuu wangu. Nani kama mimi."

Pimbi akatandaza chumvi katikati ya milingoti, juu ya barafu. Na barafu ya asubuhi, wenyeji wa mlimani hawaigusi kwa kitu chenye maji, hunasa.

Filimbi, prrr. Nyati akatazama kulia, akatazama kushoto. Akainama kama anayefunga kamba za viatu, naye ana kwato. Ramba. Ramba. Mara nata. Ulimi ukagoma kurudi.

Mbega wakapiga. Ko, kwenye paji. Wakapiga tena. Ko, kwenye pembe. Goli limejaa Nyati, hana pa kwenda. Kisahani kikamrudia Fungo, Fungo kwa Pimbi, Pimbi srrr, srrr, pwaa. Filimbi. Teleza Tusonge wameshinda.

Wakakimbilia golini, wachezaji na watazamaji, kumpongeza golikipa. Wakamkuta ameinama, chumvi mpaka puani, ulimi barafuni.

"Mwenyekiti," Fungo akauliza, "leo mbona hukwenda haja?"

"Nayinda mthahaya wenu," akasema Nyati.

Pimbi akafukua theluji nyuma ya mlingoti, akatoa mabonge ya chumvi, akamgawia kila mchezaji lake. Golini alikuwa ametandaza chengachenga tu.

"Tumnasue?" Kwale akauliza.

"Ya nini?" Pimbi akajibu. "Msimu ujao tuna golikipa asiyetoka."

Funzo lake, wajukuu: kiongozi mwema ni yule aliyeshikamana na kazi yake.

Ngano yangu imeteleza, imeangukia hapo. Aliye karibu aiokote.