Vibuyu Vitatu vya Bi Mwatabu

Paukwa!
— Pakawa!
Nikishika njia?
— Tuko nyuma!
Nikiingia pangoni?
— Tumeshika shuka lako!
Nikipotea?
— Utajijua!

Haya, ahsanteni kwa huruma zenu. Kaeni vizuri.

Hapo zamani palikuwa na kijiji, jina lake Bondeni, chini ya mlima wa mawe. Mlimani pana pango, na pangoni yanatoka maji matamu, baridi, hayakatiki hata kiangazi. Na mlangoni pa pango, juu ya kiti, ameketi Jumbe Chande.

"Maji haya nimeyaita mimi kwa uganga wangu," anasema. "Nikikasirika, yanarudi yalikotoka. Anayetaka kuchota anilimie siku tatu."

Basi watu wanalima kwake, wanapalilia kwake, wanavuna kwake. Mashamba yao wenyewe yamejaa magugu. Kati yao alikuwamo Bi Mwatabu, mjane, mgongo umempinda kwa kulimia maji.

Bi Mwatabu alikuwa na binti mmoja, Kidawa. Na Kidawa, jamani, hatulii! Akiona kijia cha swala, anakifuata. Akiona shimo, anachungulia. Akiona maji, lazima ajue yanatoka wapi. Jioni anarudi magoti yamechubuka, utando wa buibui kichwani, anacheka peke yake.

"Mtu mzima unatambaa mapangoni kama kenge," mama anamwambia. "Utakuja kuolewa na popo."

"Mama, ngoja nikusimulie nilichokiona."

"Niache, nina usingizi."

Kidawa hamwachi. Anasimulia palipo jiwe, palipo kona, palipo utelezi. Mama amefumba macho. Kalala? Subirini.

Siku moja Kidawa anachota maji, akaona zambarau. Imekuja na maji kutoka pangoni, bado ina kikonyo chake. Akashangaa. Bondeni hakuna mzambarau hata wa dawa!

"Kumbe maji haya yamepita mahali," akasema. "Na mimi nitapapita."

Siku ya kwanza akapanda mlima, akakuta jabali. Akarudi. Siku ya pili akakuta miiba, ikamlia nusu ya kanga. Akarudi. Siku ya tatu akafuata kijia cha pimbi, akapinda, akapanda, akavuka mgongo wa mlima. Lo! Mto mzima huo, unapita chini ya mizambarau, unafika kwenye shimo, unatumbukia ndani. Kidawa naye huyo, ndani! Maji ya magotini. Kona ya popo. Kisha pembamba, pa kulala kifudifudi. Akatambaa, akatambaa, akatambaa, akaona mwanga. Katokea nyuma ya kiti cha Jumbe! Na kiti kitupu, mwenyewe kaenda kula ubwabwa.

Jioni akamsimulia mama yote. Mama kafumba macho.

Asubuhi Kidawa akasimama mbele ya watu. "Shikamoo, Jumbe. Maji haya hukuyaita. Ni mto, uko nyuma ya mlima. Nimepita nao. Kesho nitatumbukiza vibuyu vitatu kule, mtaviona vinatokea hapa."

Watu wakanong'ona. Jumbe akatabasamu. Mjanja huyo!

"Vyema," akasema. "Ila wewe tangu sasa hutoki uani kwangu, usije ukatufanyia mazingaombwe. Vibuyu vije bila wewe. Jua la utosi kesho likipita havijaja vyote vitatu, wewe na mama yako mnahama, na maji haya hamyanywi tena. Vikija, kila mtu achote bure."

Vitakujaje, na njia anaijua Kidawa peke yake? Binti akamtafuta mama yake kwa macho. Bi Mwatabu kashika kiuno, anakwenda zake, hata kuaga hakuaga. Hapo Kidawa akaogopa kweli.

Kesho yake wakamketisha mlangoni pa pango, walinzi huku na huku. Jua likapanda. Watu wanakodolea maji macho. Jumbe anajipepea.

Mara, kibuyu! Kimetoka gizani kinazungukazunguka, kina ufa ulioshonwa kwa ukili. Kidawa akaruka. Ufa ule anaujua. Kibuyu cha mama!

Cha pili hicho! Watu wakapiga vigelegele.

Cha tatu... wapi. Wakangoja. Wapi! Jua likasimama utosini. Kidawa machozi yanamlengalenga.

Jumbe akainuka kitini. "Viwili si vitatu. Fungeni virago!"

"Hebu ngoja kwanza!" sauti ikatoka pangoni. "Kimenasa pale pembamba, nimekinasua!"

Na huyo, Bi Mwatabu! Kalowa chapachapa, kibuyu kichwani, midomo yote rangi ya zambarau.

"Mama! Umepitaje?"

"Kijia cha pimbi, maji ya magotini, kona ya popo, kisha kifudifudi. Si umenisimulia? Ulidhani nimelala?" Akacheka mpaka akashika ubavu. "Na uzuri wa kule ulionisimulia, kumbe hukusema hata nusu! Kesho tunakwenda tena."

Kisha akamgeukia Jumbe. "Maji haya hakuna aliyeyaita. Mimi nimekuja nayo."

Watu wakatumbukiza mitungi majini, wazee, watoto, wote! Jumbe akatafuta kiti chake akae. Kiti kina mtu. Bi Mwatabu kakikalia, kaegemea, ananyoosha mgongo taratibu. Na tangu siku ile Jumbe Chande analima shamba lake mwenyewe, na maji anachota kwa zamu.

Hadithi yangu imetoka pangoni na miguu imelowa. Aliyesinzia akanawe uso, aliyesikia akanywe. Na nyie mlioshika shuka langu, liachieni sasa, nikalianike.